Tuisheni ya Kupima Ubongo

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Njombe, na walimu mnatujua: tukisikia mtoto anapimwa, tunatafuta chaki.

Binti yangu Upendo ana usonji, na tunaishi naye kwa raha zetu. Juzi tuliitwa Makambako kwenye utafiti wa kofia yenye vitaa, inayoonyesha ubongo unavyofanya kazi mtoto anapotazama sura za watu. Mtaalamu alinieleza kwa simu kwamba wanataka kuziona dalili zenyewe, wasitegemee maneno ya wazazi tu. Akasisitiza nimlete mtoto vile alivyo.

Nikampa tuisheni. Kila jioni nilimketisha mbele ya kalenda ya kanisa, yenye picha za wachungaji, nikamfundisha kuwakazia macho. Yeye alichoka, mimi sikuchoka.

Siku ilipofika, Upendo akakaa na kofia yake, ametulia, anaikodolea macho kila sura kwenye skrini. Mimi huku nyuma nimeumuka kama andazi.

"Mwalimu, huwa anatazama watu hivi?" mtaalamu akaniuliza.

"Ndiyo kawaida yake, daktari."

Upendo hawezi kuliacha kosa bila kulisahihisha. Akageuka.

"Si kawaida yangu. Baba alinifundisha kwa wachungaji wa kwenye kalenda."

Mtaalamu akanitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu.

"Umeona?" Upendo akamwambia. "Na yeye haangalii watu machoni. Mvalishe kofia sasa hivi, yeye hajapata tuisheni."