Mkaratusi wa Mwisho wa Mama

Mama alikataa mbao za kununua. Paa la nyumba yake lilikuwa limeoza, nami niliyekuwa na kazi ya ofisi Kisii mjini nilimwambia nitaleta mbao kwa lori kabla ya mvua za masika. Akanitazama kama niliyemtukana. Pale chini ya shamba la majani chai kulikuwa na mkaratusi alioupanda mwaka baba yetu alipofariki, na aliapa huo ndio utakaomwezekea nyumba. Ulikuwa umebaki huo mmoja tu. Mingine ilikwenda kwa karo yetu, na mimi ndiye niliyekula mingi.

Basi nikatafuta fundi wa pawa, ule msumeno wa petroli. Alikuja Ijumaa, mvua ikamchelewesha, mti ukaanguka saa nane mchana. Alilowesha uzi kwenye oili chafu, akauvuta juu ya gogo na kuuachilia ghafla, ukaacha mstari mweusi ulionyooka kabisa. Kisha akapasua kwa pawa, akiongozwa na jicho na mikono yake tu. Mbao zilitoka nyekundu, zikichuruzika maji, na mama alizipokea akizinusa.

Jua lilipokaribia kilima cha Manga, fundi akazima mashine. Nusu ya gogo ilikuwa bado.

"Sabato inaingia, madam. Tutamaliza Jumapili."

"Na hizi zilizolala kwenye nyasi? Mkaratusi mbichi ukipigwa na jua si utapasuka?"

"Utapasuka," alikubali, bila haya yoyote.

Nikamgeukia mama. Alikuwa keshaanza kunawa miguu. "Aliyeukuza miaka yote hii hashindwi kuulinda siku moja," alisema, akaingia ndani. Nilikasirika mno. Imani ya mama naiheshimu, lakini jua la kwetu sijawahi kuliona kanisani.

Asubuhi nilidai kichwa kinaniuma. Uongo mtupu. Mama alipokata kona kuelekea kanisani, nikavaa gambuti zake na kuanza kubeba mbao. Ubao mbichi wa mkaratusi ni mzito ajabu. Kufikia saa saba nilikuwa nimezihamishia zote kwenye banda la ng'ombe, nikazilaza moja juu ya nyingine, zikabanana vizuri. Mabega yaliniwaka moto, lakini nilijiona shujaa.

Mama aliporudi alisimama mlangoni mwa banda, Biblia kwapani. Nikangoja kukemewa kwa kuvunja Sabato. Aliinama, akachungulia katikati ya mbao, akaguna.

"Umezinyima pumzi. Zitaota ukungu na kupinda. Haya hawakukufundisha chuoni?"

Kumbe kati ya ubao na ubao huwekwa vijiti ili upepo upite. Sikujua. Nilisomeshwa kwa miti, na sikujua hata kukausha mbao! Machozi yalinitoka, ya aibu na ya uchovu.

"Nionyeshe, mama."

"Jua halijatua."

Tukakaa kibarazani tukilingoja. Lilipozama, tulifunga Sabato kwa wimbo. Siku zote mama huimba beti zote nne. Jioni ile aliimba mmoja, tena mbiombio, akanyanyuka kabla sijamaliza kusema amina. Mbao tatu zilikuwa zimepasuka. Nilidhani atasikitika. Alizichana kwa panga kuwa vijiti, akanipa nivipange, naye akashika upande wa pili wa kila ubao nilioinua. Hakuniuliza kichwa kinaendeleaje.

Fundi alimaliza gogo Jumapili. Mbao zikakauka polepole bandani, zikiwa zimebebeshwa mawe juu, na nyumba ikaezekwa.

Mvua kubwa ya kwanza ilinikuta ofisini, saa tisa mchana. Nikampigia mama simu kumwuliza kama kunavuja. Hakupokea. Nilipiga mara tano, roho mkononi, nikiwaza mabeseni aliyozoea kuyahamisha kila wingu likitanda. Jioni ndipo alipopokea, sauti nzito, akaniomba radhi. Alikuwa amelala.