Mtani Wangu Mtafsiri

Siku hizi runinga yangu ni kubwa kuliko dirisha la chumba nilichopanga Kariakoo ujanani. Ina stesheni nyingi, na michezo ya kigeni hutiwa sauti za Kiswahili, kila neno mahali pake. Mimi michezo hiyo hunichosha. Umeme ukikatika katikati ya mchezo, jirani zangu hulalamika ukuta kwa ukuta, nami nakaa gizani nimetulia. Nilizoea tafsiri ya uongo, na hakuna ya kweli iliyowahi kunifurahisha kama ile.

Miaka ya Ujamaa huku bara hatukuwa na televisheni. Waliokuwa nayo ni Unguja, nasi tuliidokoa hali ya hewa ikiruhusu. Mwenye nyumba wetu, mjane wa Kizaramo tuliyemwita Bibi, alikuwa na mtoto baharia aliyemletea kiseti kidogo. Unguja walirusha rangi, sisi tukapokea kijivu. Uani ulisimikwa mlingoti mrefu wenye antena kileleni, na sheria ya Bibi ilikuwa moja: kutazama ni bure, ila kila chumba kina zamu yake ya kuzungusha mlingoti. Mwenye zamu hakuona kitu. Alisimama nje anazungusha na kuuliza, "Vipi sasa?" nasi ndani tunajibu, "Chenga! Rudi kidogo! Hapo hapo, usipumue!"

Mchezo tulioupenda ulikuwa wa Kizungu. Wanawake wawili marafiki, mmoja wa sketi na mmoja wa miwani, hawakuwa na kazi ila kukaa mezani kunywa chai, kugombana, na kupatana kabla chai haijapoa. Katikati ya meza palikuwa na bakuli la sukari, limejaa pomoni. Sisi tuliokuwa tukinywa chai chungu tulilitazama bakuli lile kuliko tulivyowatazama wenyewe.

Mimi ni Mpare. Katika chumba kilichokabili changu aliishi Mchaga ambaye mumewe alikuwa na kiduka Msimbazi. Alikuwa shoga yangu wa kufa na kuzikana, tena mtani wangu, maana Mpare na Mchaga ni watani tangu huko milimani. Siku ya kwanza tulipoliona bakuli, alinigeukia mbele ya watu.

"Mtani, leo tumekuwa ukoo mmoja. Si ninyi mnaotundika samaki ukutani, mkala ugali kwa kumtazama?"

Watu wakavunjika mbavu.

Yeye ndiye aliyekuwa mtafsiri wetu. Kiingereza chake hakikuvuka salamu ya asubuhi, lakini alitafsiri bila kusita, uso mkavu kama hakimu. "Wa sketi anasema, nani kamaliza maji ya pipa asichote mengine? Wa miwani anajibu, muulizeni karani wa chumba cha mbele, anaoga kama bwana harusi." Karani huyo wa bandarini, aliyekijua Kiingereza kweli, aliumia sana. "Jamani, hawajasema hivyo!" Bibi akamwambia anyamaze, watu wanasikiliza.

Halafu ikaja habari ya sukari. Mama mkwe wangu alikuwa anashuka kutoka Upareni kuja kuniona kwa mara ya kwanza tangu niolewe, na ndani sina chembe. Ikavuma kwamba duka la ushirika litaleta. Enzi hizo foleni haikuwa ya watu peke yao: unaweka jiwe lako, unaenda zako kuchemsha maharage, jiwe linakusimamia, na kila mtu analiheshimu kana kwamba ni wewe. Nikaweka langu nyuma ya la shoga, nikamwachia aliangalie. Mtani akashikwa na utani. Akalificha kikapuni mwake, nikija nihangaike kidogo watu wacheke. Mara mzigo ukashuka. Niliporudi mbio, mahali pangu hapana jiwe, kwa hiyo hapana mtu. Shoga akalitoa, akaapa kwa sauti kwamba ni langu. Foleni ikamjibu kwamba jiwe la kikapuni halipangi mstari. Nikapelekwa nyuma kabisa, na huko sukari haikufika.

Jioni aliniletea nusu ya yake katika bakuli. Nikalirudisha bila hata kulifunua. Mama mkwe akanywa chai kwa tende za Bibi, akauliza kama mwanawe ameoa Uarabuni. Nilitamani ardhi ipasuke.

Nikanuna. Sasa, mtani hanuniwi. Akikufanyia lolote unacheka, unangoja zamu yako ya kulipiza. Wala mtani haombi radhi, maana akiomba, utani umekufa. Basi nyumba nzima ikanilaumu mimi niliyekosa sukari! Hata Bibi akaniambia, "Mwanangu, umeona wapi mtu akamnunia mtani?" Nikazidi kununa. Tukawa tunapishana ukumbini kama wageni, yeye hanitanii, mimi simtanii. Kimya kile kiliniuma kuliko aibu ya tende. Niliogopa kwamba nimempoteza.

Runinga nayo ikafa, ingawa picha ilikuwepo. Shoga alikataa kutafsiri. Karani akapewa nafasi, akatafsiri kwa haki: "Anasema treni itachelewa. Anasema huenda mvua ikanyesha." Watu wakapiga miayo. Kumbe wale wanawake hawakuwa na la maana!

Ikafika zamu yangu ya mlingoti. Nilikuwa uani, chuma mkononi, dirisha la Bibi li wazi. Nikamsikia karani anakohoa ili aanze, na sauti nyingine ikamkata.

"Wa sketi anasema, shoga, jiwe lako nililificha nikijua sukari haitakuja, kama kawaida yake. Ikaja."

"Hajasema hivyo," karani akasema. "Amesema..."

"Karani!" Bibi akamkemea.

"Anasema, kwao mtani haombwi radhi, kwa hiyo haombi. Ila bakuli alilorudishiwa liko kabatini, hajaligusa. Anakunywa chungu."

Nilimjua mtu yule. Chai yake ilikuwa ya vijiko vitatu, na mezani kwa watu vinne. Machozi yakanitoka pale pale mlingotini.

"Na wa miwani anajibu nini?" Bibi akauliza, kwa sauti ya kufika mpaka uani.

"Hajajibu. Kashika mlingoti."

Nikauachia, nikaingia. Picha ilikuwa imepotea, chenga tupu, na hata karani hakuthubutu kulalamika. Nikasimama mlangoni.

"Wa miwani anasema," nikasema, "wa sketi ni mjinga. Sukari ya kabatini huliwa na sisimizi."

Shoga hakugeuka. Aliendelea kuzitazama chenga, uso mkavu kama hakimu.

"Wa sketi anajibu," akasema, "mtu anayekula ugali kwa kumtazama samaki asimfundishe mwenzake kutunza chakula."