Nilikataa Kuitwa Karani Siku ya Posa

Mhariri, nifichie jina, si kwa aibu bali kwa ajili ya msichana nitakayemtaja. Mimi ni mwanamume wa miaka ishirini na tisa, kwetu ni Magharibi, naishi Mashimoni hapa Kibera. Kazi yangu ni kucheza karata, ule mchezo wa Wazungu uitwao poka. Mnaotaka kucheka, chekeni sasa mmalize.

Niliujifunza nikibeba vinywaji kwenye klabu moja ya Wazungu, Uhuru ukiwa bado mchanga. Tangu niache ile trei sijaajiriwa na mtu. Mezani sigusi pombe, nikiona siku si yangu naaga na kwenda zangu, na kodi ya nyumba sijawahi kuichelewesha. Wangapi wenye ofisi wanaweza kusema hivyo?

Kila Jumamosi mchana nacheza Kawangware, nyuma ya duka la mzee mmoja mwenye ploti nyingi, ambaye pia ni mzee wa kanisa. Pazia hushushwa, chai huletwa, na anayeileta ni binti yake. Nitamwita Njeri. Tulipendana, na baba yake alipojua hakukasirika. Aliniambia tu, "Lete wazee wako tuongee kama watu."

Nikamwita baba yangu mdogo kutoka nyumbani. Kwa desturi yao, na yetu pia, siku ya posa kijana hafungui mdomo, husemewa. Njiani akaniambia, "Wewe kazi yako ni kukaa. Kuongea wachia mimi."

Sebule ilijaa. Walikuwepo wazee wa kanisa, shangazi zake Njeri, na majirani wawili ninaocheza nao kila Jumamosi. Mzee mmoja akauliza kijana anafanya kazi gani. Baba mdogo akajibu bila kupepesa macho, "Ni karani, ofisi kubwa huko town." Watu wakafurahi. Wale majirani wawili wakawa wanatazama dari. Naye baba yake Njeri, ambaye Jumamosi iliyotangulia alikuwa akinibembeleza nimfundishe kutuliza uso akishika karata mbovu, akaongeza, "Huyu tunamjua. Ni kijana wa ofisi."

Damu ilinichemka. Nikasimama.

"Wazee, mnisamehe. Mimi si karani. Nacheza poka, na humu ndani kuna watu wanaonijua kwa kazi hiyo."

Sikumtaja mtu. Hata hivyo shangazi mmoja aliguna kwa sauti, na baba mdogo akanivuta koti mpaka kifungo kikatoka. Mazungumzo yakaishia hapo, tukaondoka bila kula.

Kesho yake Njeri alikuja kwangu akilia. "Si ungenyamaza tu? Baba anasema urudi, uambie wazee ulikuwa unafanya mchezo. Wataendelea kama hakuna kitu."

Nikamwuliza, "Na watoto wetu pia niwaambie mimi ni karani?"

Akajifuta machozi, akatoka. Nampenda msichana huyu, na iliniuma sana kumwona akiondoka vile. Lakini sikurudi kwao kusema uongo, na sijutii.

Wiki hii baba yake amenitumia ujumbe kupitia kwa mmoja wa wale majirani. Nauandika kama ulivyofika: "Mambo ya msichana sahau, nimeambia wazee sikujui. Lakini Jumamosi usikose. Kiti chako kiko."

Nimekasirika sana. Mkono wangu anautaka mezani kwake, lakini hautaki ushike wa binti yake. Wasomaji, nawaomba ushauri, ila atakayeniambia nikajiite karani asisumbuke kuandika. Mngekuwa mimi mngefanya nini? Niende nikakae na mtu anayesema hanijui, au nimwambie Njeri afungashe aje Mashimoni bila baraka za mtu yeyote?