Mfungeni Kidogo

Mkurugenzi wetu hakuwahi kumgusa mgonjwa hata mmoja. Mgonjwa akimnyooshea mkono, ghafla alikumbuka kwamba ameshika mafaili.

Mimi nilikuwa nesi wa wagonjwa wa akili, na mwanzoni mwa miaka ya tisini nilipewa cheo cha kuongoza kikosi cha mradi: watu wanne waliowatembelea wagonjwa wa akili na walemavu majumbani mwao, kwa baiskeli na pikipiki moja mbovu. Ofisi ilikuwa vyumba viwili Kaloleni. Kile kikubwa kilikuwa cha mkurugenzi, aliyefika Alhamisi, akiwa na nafasi.

Huko Luanda Kotieno tulimkuta mama mmoja amefungwa kamba mguuni, kwenye nguzo ya jiko. Aliyemfunga ni kaka yake, na hakuwa mtu katili. Dada yake alikuwa amejitosa ziwani mara mbili, naye kaka akakosa njia nyingine ya kumlinda. Mwenzetu mmoja, mwanamke wa makamo aliyewahi kuwa mkunga, alikwenda pale kila wiki. Alimchoma mgonjwa sindano, akakaa na kaka, akamsikiliza, mpaka siku moja kaka akaifungua kamba mwenyewe. Mwaka uliofuata yule dada alikuwa anakaanga samaki karibu na feri.

Basi wafadhili wakaandika kwamba wanakuja. Mkurugenzi akaniita.

"Wanataka kuona mgonjwa aliyefungwa."

"Alishafunguliwa, Bwana Mkurugenzi. Siku hizi anauza samaki."

"Mtu anayeuza samaki ana picha gani? Mfungeni kidogo. Dakika kumi tu. Wakishapiga picha mnamfungua mbele yao."

Ningependa kuandika kwamba niligonga meza. Nilisema, "Nitazungumza nao," nikatoka na daftari langu kwapani kama karani mwema.

Nilimweleza yule mkunga. Akauliza:

"Umekuja kunituma au kuniuliza?"

"Kukuuliza."

"Basi jibu ni hapana."

Nikapanda pikipiki mwenyewe mpaka Luanda Kotieno. Yule mama alikuwa anaparua magamba ya samaki, hakuacha kazi yake nilipokuwa nikijiumauma. Nilipomaliza, akasema, "Kamba ile siku hizi inafunga mbuzi. Huyo mkubwa wako akiitaka, aje afungwe yeye. Mimi nitashika kamera."

Akacheka. Mimi sikuwa na uso wa kucheka, na sikuwa na ujasiri wa kumpelekea mkurugenzi jibu hilo. Nilimwambia mambo yako sawa.

Siku yenyewe wageni walikuwa wawili, mwanamume na mwanamke, wazungu wote. Mkurugenzi alivaa tai. Tulipofika Otonglo alisimamisha gari awanunulie ndizi, na njia nzima akawaeleza mateso ya watu ambao hakujua hata nyumba zao. Pale ufukweni akatafuta kamba kwa macho, akaona karai la mafuta.

Mgeni mwanamke akauliza mgonjwa yuko wapi. Mkurugenzi akajibu kwa Kiingereza kwamba hali ilikuwa mbaya, amepelekwa hospitali.

"Wanauliza nini?" yule mama akaniuliza kwa Kijaluo.

Nikamwambia. Akapangusa mikono, akainua gauni kidogo, kovu la kamba likaonekana juu ya kifundo cha mguu.

"Ni mimi," alisema. "Nilifungwa. Sasa sifungwi."

Mkurugenzi akatafsiri: "Anasema karibuni sana, na anaomba muendelee kutusaidia."

Hapo ndipo nilipofungua mdomo, nikiwa nimechelewa kwa wiki nzima. Nilitafsiri neno kwa neno. Mgeni mwanamke akairudisha kamera mfukoni, akaomba kigoda. Walikula samaki. Mkurugenzi naye alikula, wawili wakubwa, akasifu chumvi.

Wageni walipoandika ripoti yao walimsifu kwa maono yake ya kuwafungua wagonjwa, akapandishwa cheo, akahamia Nairobi ambako hakuna mgonjwa wa kumnyooshea mkono. Kabla ya kuondoka alinihamishia stoo, nikalinda viti vya magurudumu visivyo na matairi. Kikosi akapewa binamu yake. Yule mkunga hakuaga mtu. Aliacha kazi, na wiki iliyofuata akaenda Luanda Kotieno kama kawaida yake.

Mimi nilipopita pale kwenda Mbita, yule mama alinikaribisha vizuri. Ila kila mara alinipa kipande cha mkia, miiba mitupu, na sikuona sababu ya kulalamika.