Dada Bluu Hatabasamu kwa Amri

Saa mbili asubuhi, Mama Vidole anavaa glavu yake yenye nyaya, anavuta pazia la chumba kilicho nyuma ya mapokezi ya hospitali, kisha anakunja kidole. Kwenye runinga ya ukumbini, katuni aitwaye Dada Bluu anainua kichwa.

"Shikamoo, bibi," Mama Vidole anamwambia kwa kipaza sauti ajuza aliyesimama mbele ya runinga.

"Marahaba, mwanangu wa kwenye kioo. Mbona leo umenenepa?"

"Runinga mpya hiyo, bibi. Mimi ni yuleyule."

Watu kama mia tatu kwa siku humuuliza njia Dada Bluu. Mama Vidole, aliyechezesha vikaragosi mashuleni miaka kumi na mmoja, humwendesha kwa mkono wake: kiganja kikilegea, mabega ya katuni nayo yanashuka.

Wakubwa wa hospitali hawaitaki glavu. Wameleta kibao cha vitufe sita, kila kitufe na tabasamu lake. Eti foleni itakwenda mbio. Foleni wanaijulia wapi, watu wanaoingilia mlango wa nyuma?

Mwezi uliopita walikijaribu. Mzee mmoja akauliza mochwari iko wapi. Mama Vidole akabonyeza "Elekeza". Dada Bluu akaonyesha mlango, meno yote nje, halafu akapunga mkono.

"Yule baba alisimama tu," anasimulia. "Akasema, 'Binti, nimekukosea nini?' Sikuwa na kitufe cha kumjibu."

Siku hiyohiyo akairudia glavu. Waliopitisha kibao hawajawahi kuonyeshwa mlango ule na mtu anayechekelea. Siku watakayoonyeshwa, watakivunja wenyewe.

Sasa ana barua: vitufe au aache kazi, jibu kabla ya saa sita leo. Meneja anachungulia.

"Mama, umeamua?"

"Nenda ukasimame pale ukumbini, baba. Uliza mochwari iko wapi."

Meneja anacheka, anakwenda, mikono mifukoni, anauliza kwa sauti ya mzaha. Dada Bluu hajibu upesi. Anavuta pumzi, anainamisha kichwa, kisha anafungua kiganja taratibu kuelekea korido na kukiacha hapohapo.

Meneja anakuta mikono yake imeshatoka mifukoni.

Mama Vidole anairudisha barua bila saini. Wafagiaji wawili wa hospitali anawafundisha glavu kila mchana, na anataka kufikia mwisho wa mwaka wawe wameiva.

"Wanifukuze," anasema, akikunja tena kidole. "Watakuta mikono mingine minne inawasubiri."