Kindoo cha Dengu

Maji yaliyolowekewa dengu yana harufu yake. Si mbaya, si nzuri. Ni harufu ya udongo uliopata mvua ya kwanza, na kwa mbali uchachu kidogo, hasa ukichelewa kuyamwaga. Mwezi uliopita nilifunua sufuria jikoni kwangu, hapa Biharamulo mjini, harufu ile ikanipanda puani, nikajikuta nimesimama na mfuniko mkononi nikiwaza kindoo cha njano. Nitawasimulia habari zake, kwa kuwa najua hamtamwambia mama.

Kindoo hicho kilikuja kwetu kikiwa na mafuta ya kupikia. Mafuta yakaisha, kikabaki kuwa cha dengu. Tuliishi Nyamigogo, wilaya hiihii ya Biharamulo. Baba ni Msukuma aliyekuja na ng'ombe wake kutoka upande wa Shinyanga akitafuta malisho. Mama ni Mhangaza wa Mugoma, kule Ngara, mtoto wa Kikatoliki aliyekuzwa kwa ndizi na maharage. Dengu alizikuta kwenye ndoa. Gunia la kwanza kutoka kwa ndugu za baba alilipokea kwa ujasiri wa mtu aliyepika maharage maisha yake yote. Alizichagua, akaziosha, akazitia chunguni hivyohivyo bila kuziloweka, tena akatia chumvi mapema ili ikolee. Zilichemka tangu asubuhi. Jioni kuni zikaisha, dengu bado. Baba akatengewa, akatafuna kama anatafuna kokoto, na akamaliza bakuli zima pasipo kusema neno. Kila mama aliposimulia kisa hicho alishika mbavu kwa kucheka, na kila mara alimalizia vilevile: "Si angesema tu!"

Baadaye alifundishwa na mama mkwe wake kwamba moto usubiri, kwanza maji, tangu jioni hadi asubuhi. Akawa fundi. Alizipika kwa nyanya na vitunguu, akaziunga kwa karanga zilizotwangwa, tukazilia ugali. Nyingine alizikaanga kwenye kikaango chenye mchanga wa moto, zikadunda na kupasuka, tukazitia mifukoni kwenda shule. Kipimo chake kilikuwa kikombe cha bati: kimoja cha kwake, kimoja cha kwangu, viwili vya baba. Mdogo wangu alikuwa bado ananyonya, hakuhesabiwa.

Mwaka niliokuwa na miaka tisa, baba alitaka kuhama tena. Malisho yalikuwa yamebana, na wenzake walikuwa wanaswaga mifugo kwenda Katavi. Mama alikataa. Alikuwa na migomba yake imeanza kuzaa, na alisema hakuolewa na barabara. Wiki nzima walizungumza kupitia kwangu, wote tukiwa jikoni, hatua tatu baina yao.

"Milembe, mwambie baba yako maji ya kuoga tayari."

"Mwambie mama yako nimesikia."

Niliupenda sana wadhifa ule. Niliurudia ujumbe neno kwa neno, kwa sauti kubwa, nikidhani wamebuni mchezo.

Asubuhi moja baba alisema, safari hii si kupitia kwangu, kwamba wiki ijayo ng'ombe wanaondoka na watu wanaondoka nao. Alipokwenda machungani, mama alifunga nguo zetu kwenye kitenge. Leo naweza kusema wazi: alikuwa anamwacha. Mimi niliambiwa tunakwenda kumsalimu Bibi, na jambo pekee lililonishangaza ni kwamba shule ilikuwa haijafungwa. Sikuuliza, nisije nikamkumbusha.

Tulikuwa tumeshavuka kizingiti mama alipogeuka. Dengu za siku ile zilikuwa ndani ya kindoo, zimelowa tangu jana yake jioni, zimenenepa na kujaa. Alizitazama kwa muda. Kisha akamwaga maji karibu yote, akabana mfuniko, akanikabidhi. "Shika. Usimwage." Akachota na chumvi kwenye karatasi.

Basi nikasafiri kwenda Ngara nimepakata kindoo, mama amempakata mdogo wangu. Kilivuja kidogo kila kwenye shimo, na konda akauliza mara tatu kama mtoto yule amejikojolea. Nililia kwa hasira. Lusahunga tulishuka kungoja gari jingine, na jua lilikuwa kali. Mwanamke mmoja mpika chai alikuwa anazima jiko lake la mkaa. Mama akamwomba moto uliobaki. Akachemsha nusu ya dengu kwenye sufuria ya yule mama, akazichuja, akatia chumvi, kitunguu kibichi na limau alilopewa hapohapo. Tulikula kwenye mfuniko wa kindoo, sisi na mpika chai pia. Zilikuwa laini, zenye mvuke, na limau liliuma kwenye mdomo uliokauka. Sijala dengu tamu kuliko zile.

"Mnakwenda wapi, dada?" akauliza yule mama.

"Nyumbani."

"Na mnatoka wapi?"

 Mama akaomba maji ya kunawa.

Tulifika Mugoma jua likielekea kuzama. Nilimshika Bibi magoti, nikasema shikamoo.

"Marahaba, mjukuu wangu. Mmekura njiani?"

Ulimi wa Bibi uligeuza kila l kuwa r. Hakuuliza tumefuata nini. Kwake, binti aliyerudi na kitenge cha nguo hakuulizwa kitu kabla hajatia chakula tumboni. Alikuwa na ndizi na maharage jikoni, lakini mama alisema zile dengu zitachacha zikilala tena, akainama mwenyewe kuwasha moto. Binamu zangu walikuja kuchungulia. Mmoja akatangaza kwamba haya ni maharage yenye pua, na ukitazama punje ya dengu vizuri huwezi kumbishia.

Bibi alikula polepole, punje moja moja, akizigeuza mdomoni.

"Uriziroweka rini?"

"Jana jioni, mama."

"Vikombe vingapi?"

Mama alinyamaza. Swali la kupika nililijua jibu lake, na sikuona kwa nini mtu anyamaze. "Vinne, Bibi!" nikasema. "Kimoja cha mama, kimoja changu, viwili vya baba. Baba anakula sana."

Mama aliinamisha kichwa. Mabega yake yalitikisika, nikadhani anacheka, kama alivyozoea zikitajwa dengu za baba. Bibi aliweka bakuli chini.

"Basi jana jioni urikuwa bado na mume," alisema. "Hii ni hasira ya reo asubuhi. Kaa hapa. Akija, nitajua ni mtu gani. Asipokuja, nitajua pia."

Mimi nilielewa tu kwamba tunakaa, nikafurahi, kwa sababu ya binamu na kwa sababu ya shule.

Siku ya tatu, mchana, baba akaja. Viatu vyake vilikuwa vyekundu kwa vumbi. Alisalimia, "Shikamoo, mayu," yaani mama kwa Kisukuma, akakaa kwenye benchi mbali na Bibi, kama inavyompasa mkwe, akaangalia mikono yake. Nilisogea tayari kubeba ujumbe. Hakunituma.

"Mama Milembe," alisema, "ng'ombe wataswagwa na mdogo wangu. Mimi nimebaki."

 Ndipo baba akafungua mfuko wake wa rambo, akatoa hotipoti yetu, akaisukuma mbele kwa aibu ambayo sikuwahi kuiona kwake.

"Nilikupikia. Nilijua mtakuwa na njaa njiani mkirudi."

Zilikuwa dengu. Mtu aliyezila tangu utotoni, mtoto wa nchi ya dengu, hakuwahi kukaa jikoni akajua kwamba zinalowekwa. Nilichukua moja, nikaing'ata, jino likaniuma hadi sikioni. Niliitema mkononi na kumtazama mama, nikingoja acheke, maana kisa kilikuwa kimekuja chenyewe kwa miguu yake.

Mama hakucheka. Alivuta hotipoti, akakaa chini kwenye jamvi, akala. Alitafuna taratibu, punje kwa punje, na ule mlio wa kusagika niliusikia nilipokuwa. Baba alimtazama, kisha akatazama pembeni. Bibi aliinuka, akaingia ndani kufunga nguo zetu kwenye kitenge. Mama alikula mpaka mwisho, akafuta hotipoti kwa kidole, hakusema neno.

Nami nilikasirika, kwa kuwa nilikuwa nimemwambia Bibi asubuhi ile kwamba mama hataki kula, kumbe alikuwa na njaa tu.