Sepetu ya Attracta

Nianze na langu, msije mkalisikia kwa mdomo wa mwingine: mimi, Mossie Tansey, nilipiga Hapana. Mei ile ya 2015, Ireland nzima ilipoulizwa kwa kura ya maoni kama watu wa jinsia moja waruhusiwe kuoana, niliingia shule ya Kilcorra, nikachukua penseli iliyofungwa kwa kamba, nikatia alama yangu, nikarudi zangu kwa ng'ombe. Nasema hivi kwa sababu ninayetaka kumsimulia ni Attracta Beirne, jirani yangu wa ng'ambo ya ua, na kura ile ilimhusu yeye kuliko mtu yeyote hapa kijijini.

Attracta sasa amepita sabini. Kazi yake kunyoa kondoo, mashamba yote ya upande huu wa Roscommon. Wakati mmoja marehemu mjomba wangu alimwambia kazi hiyo si ya mwanamke. Attracta akawasha mashine. Alimnyoa dume la kondoo la mjomba ubavu mmoja tu, akazima mashine, akaenda kwao. Wiki nzima lile dume lilizunguka malishoni nusu uchi, na mjomba hakwenda kanisani Jumapili ile kwa aibu.

Alikuwa akiishi na Dympna Hanly, aliyefundisha pale shuleni. Miaka arobaini, nyumba moja, mbwa mmoja, gari moja. Sisi tulimwita Dympna "mpangaji." Mpangaji wa miaka arobaini, jamani! Hakuna aliyekuwa mjinga. Tulinyamaza, na tukajiona watu wema kwa kunyamaza.

Na huku kwetu kaburi halichimbwi na mtu wa kukodi. Majirani ndio wanaochimba, na sharti ni moja: mwenye msiba hagusi sepetu. Yeye anakaa kanisani benchi la mbele, watu wanapanga foleni wanampa mkono wa pole. Attracta ndiye mwanamke pekee katika wachimbaji wetu. Mama yangu alipofariki, Januari, ardhi imeganda kama jiwe, ni yeye aliyepasua barafu kwa sururu huku sisi wanaume tukipulizia vidole.

Basi wakati wa kura Dympna alikuwa tayari anaumwa, ugonjwa ule usiorudi nyuma. Attracta alinijia kwa sababu mimi ni mtu wa uzioni: masanduku ya kura yanapofunguliwa ukumbini, tunaegemea uzio unaotutenga na wahesabuji, penseli mkononi, tunaweka alama kila karatasi inapokunjuliwa, na kabla ya mchana tunajua kila kijiji kimesema nini.

"Mossie," akaniambia, "hesabu ya nchi nitaisikia redioni. Wewe niletee ya sanduku letu."

Siku ya kuhesabu, jioni, nilimkuta uani anakata kondoo kwato. Dympna alikuwa dirishani, kajifunika shali.

"Sema."

"Mmeshinda, Attracta! Dublin wanacheza barabarani."

"Sikukuuliza Dublin. Dublin hawajui hata jina la mbwa wangu. Sanduku letu limesemaje?"

Nikatoa karatasi, ingawa hesabu nilikuwa nayo kichwani. "Ndiyo, tisini na sita. Hapana, mia na thelathini na moja."

Akamwachia kondoo mguu. "Mia na thelathini na moja. Na wewe umo upande gani?"

"Kura ni siri."

"Siri! Kwa uso huo? Mama yako nilimpasulia barafu, Mossie Tansey."

Nilimtazama yule kondoo kana kwamba namnunua.

"Attracta, mwache mzee wa watu!" Dympna akaita kutoka dirishani, anacheka mpaka anakohoa. "Mpe chai!"

"Chai? Akanywe kwa wenzake mia na thelathini!"

Nilikunywa chai hiyo, Dympna alinimiminia mwenyewe. Akaniambia polepole, kama alivyokuwa akiwaambia watoto darasani, "Sheria itaanza Novemba. Tutakwenda mjini kuandikishana. Mimi pete siitaki, Mossie, vidole vimeshakonda. Ninachotaka ni siku nikiondoka, huyu akae benchi la mbele. Asije akasukumwa nyuma na mtu."

Dympna hakuifikia Novemba. Alifariki wiki ya kwanza ya Oktoba, saa nne asubuhi, Attracta amemshika mkono. Mchana kaka yake Fintan akaja kutoka Longford na suti yake, akapanga kila kitu: jeneza, misa, maua. Jioni tangazo likasomwa redioni, na huku tangazo la kifo kila mtu anaacha kula analisikiliza. "Anaombolezwa na kaka yake mpendwa Fintan, wifi yake, wapwa zake, na marafiki." Nilingoja jina la Attracta. Halikutajwa. Alikuwa humo kwenye marafiki, na nilimsikia mke wangu akisonya.

Asubuhi yake tukafanya kosa ambalo hadi leo linanichoma. Mimi na Colie Fallon tulikuwa tunakwenda makaburini na vifaa vyetu, na kwa mazoea, naapa kwa mazoea tu, tukasimama getini kwa Attracta kama tulivyofanya miaka thelathini. Colie akapiga honi. "Attracta! Twende, ardhi imelowa vizuri!"

Akatoka. Kavaa gauni jeusi, na sijawahi kumwona na gauni tangu ubatizo wa binti yangu. Mkononi ana sepetu. Nikajua anakuja. Kumbe akaipitisha juu ya geti, akanipa mimi.

"Mimi sichimbi."

"Unaumwa?" Colie akauliza, mpumbavu wa watu.

"Siumwi, Colie. Nimefiwa. Aliyefiwa hachimbi, au Kilcorra mmeshabadilisha?"

Colie akavua kofia.

"Tumieni hiyo yangu, hayo makopo yenu hayakati. Mchimbeni vizuri, alikuwa haipendi baridi. Na kesho mkiniona benchi la mbele, ole wake atakayejifanya kushangaa. Nchi nzima imesema. Nyinyi mia na thelathini na moja mtajijua wenyewe."

Tulichimba tukiwa watu sita. Hakuna aliyetania, hakuna aliyezungumza mpira. Sepetu ile ilikuwa na mpini uliolika mahali vidole vyake vinapokaa, na vidole vyangu vikaingia humo humo. Nililia. Nilimwambia Colie ni mafua, na Colie akasema naye anayo.

Kesho yake kanisa lilijaa hadi mlangoni. Attracta alikuwa ameshakaa mbele, mwisho wa benchi, karibu kabisa na jeneza. Fintan alipofika na watu wake akainama kwake, lakini kunong'ona hajui.

"Bi Beirne, hapa ni pa familia."

"Ndiyo maana nimekaa," Attracta akasema, wala hakugeuza shingo.

Fintan akamtazama padri. Padri akaona mshumaa mmoja umepinda, akaenda kuunyoosha. Basi Fintan akakaa, foleni ya pole ikaanza, na wachimbaji ndio tunaotangulia. Mimi nilikuwa wa kwanza, matope kwenye viatu. Fintan akanyoosha mkono. Naapa sikupanga kitu. Miguu yenyewe ilimpita, ikasimama mbele ya Attracta.

"Pole," nikasema. "Pole kwa kufiwa na mke wako."

Akanibana mkono nikadhani mifupa inavunjika. Macho yake makavu, mekundu. "Asante, Mossie. Rudia. Wa nyuma hawajasikia."

Nikarudia. Nilirudia kwa sauti ninayoitia ng'ombe, kanisa zima likasikia, na kichanga cha watu kikaanza kulia. Nyuma yangu Colie naye akasema hivyo hivyo, kwa kigugumizi. Fintan nilimpa mkono baadaye. Adabu sikukosa, ila zamu ni zamu.

Nikasimama pembeni na, mazoea tena, nikahesabu. Makaburini, jeneza lilipokwisha kushushwa, Attracta akanisogelea.

"Sanduku letu limesemaje?"

"Mia na tisini wamekupa mkono. Kumi na wawili wamekupita."

"Majina yao unayo?"

"Ninayo."

"Hao kondoo wao nitawanyoa ubavu mmoja," akasema, na hapo ndipo machozi yalipomtoka, mbele ya watu wote, bila kujifuta.

Nikamrudishia sepetu yake. Akaikataa. "Kaa nayo. Siku yangu ni wewe utakayechimba. Na redioni wasinitaje rafiki wa mtu. Waseme Attracta Beirne, mjane wa Dympna Hanly."

Nimeshaliandika tangazo, kwa wino, nyuma ya ile karatasi ya mia na thelathini na moja. Sepetu iko mlangoni kwangu, naipaka mafuta kila Oktoba. Na atakayetaka kulisahihisha tangazo hilo, nyumba yangu anaijua.